Kamba Kati ya Egau na Mama Mkwe Wake

Mume wangu Egau alikwenda kusoma udongo. Ndiyo, udongo huu huu tunaoukanyaga. Watu wa Molo, kijijini kwetu karibu na Tororo, walipomuuliza anasomea nini huko chuo kikuu cha Makerere, naye akawajibu kwamba anasoma jinsi ya kuutunza udongo usichukuliwe na maji, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjomba wangu aliuliza kama Wazungu wameishiwa na mambo ya kufundisha. Watoto wa wenzetu walikuwa wanasomea udaktari na ualimu, na huyu wetu amepanda garimoshi pale Tororo, akakae Kampala miaka mitatu, halafu arudi kutuambia kwamba udongo uko chini!

Mimi sikucheka. Haya, nilicheka kidogo. Lakini nilikuwa nimeshampenda, na mtu ukishampenda huwezi kumchagulia masomo.

Naitwa Amulen. Kiswahili hiki nimekipata soko la Busia, nilikouza samaki wakavu miaka mingi, kwa hiyo kikinuka kidogo mnivumilie. Habari ninayotaka kuwapa ni ya mwaka wa hamsini na nne, Mwingereza akiwa bado ametukalia, mimi na Egau tukiwa tumeoana mwaka mmoja tu, na yeye akiwa amebakiza mtihani mmoja apate diploma yake.

Mtihani wenyewe haukuwa wa karatasi. Kila mwanafunzi alitakiwa arudi kwao, atafute mteremko unaoliwa na mvua, awabembeleze wenye mashamba mpaka wakubali, apime kontua kutoka ukingo mmoja wa mteremko hadi mwingine, kisha achimbe tuta na kupanda matete juu yake. Kontua ni mstari unaozunguka kilima bila kupanda wala kushuka, ili maji yakifika hapo yasimame na kunywewa na ardhi badala ya kukimbia na shamba lako. Mwalimu angekuja baada ya mvua kuanza, akague kwa macho yake. Ukifaulu, una diploma. Ukianguka, hakuna kurudia. Unafunga sanduku lako unarudi nyumbani, na miaka mitatu imekwenda bure.

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia. Kwao Egau ni bondeni, tambarare tupu, maji yakifika hayana pa kukimbilia. Mteremko alioupata, wenye makorongo ya kumfurahisha mwalimu yeyote, ulikuwa kwetu mimi, nyumbani nilikozaliwa. Upande wa kushoto lilikuwa shamba la Ochen, jirani yetu wa kabila la Wadhola, mtu wa maneno mengi na vicheko. Upande wa kulia yalikuwa mashamba ya baba zangu wadogo. Na katikati kabisa, kuanzia juu ya kilima hadi chini, lilikuwa shamba la njugu la mama yangu, Akiteng.

Labda ninyi wengine hamjui. Kwetu sisi Wateso, mwanamume na mama aliyemzaa mke wake hawatazamani. Ni heshima. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawasemezani uso kwa uso, na kukanyaga shamba la mama mkwe akiwa humo ni aibu ambayo watu wataisimulia mpaka wajukuu. Mama yangu alikuwa mjane, shamba lile ndilo lililomlisha, na palizi hakuiamini mikono ya mtu mwingine. Kuanzia jua linachomoza hadi linatua alikuwa humo na jembe lake.

Egau alijua haya yote. Nilipomuuliza atapitaje pale kati, alinijibu, "Amulen, tuanze kwanza. Hilo tutaliona tukifika." Mimi nikakubali, maana nilidhani huko chuoni wanafundishwa na hilo pia.

Kuwabembeleza watu kulichukua wiki nzima. Walidhani vigingi ni vya serikali, kwamba ukikubali kigingi kimoja leo, kesho unakuta Mzungu amejenga. Egau alikaa nao kwenye chungu cha pombe, kila mtu na mrija wake, akaeleza, akaulizwa, akaeleza tena. Mwisho Ochen akasema, "Banange, jamani, mwacheni apige vigingi vyake. Vikiwa vibaya nitavitumia kuni." Baba wadogo nao wakakubali. Mama alitumiwa ujumbe kupitia kwangu, akajibu kwamba hana neno, mkwe wake afanye kazi yake.

Chombo walichokuwa nacho ni pima maji, kama ile ya waashi ila ndogo, ya kutundika kwenye kamba. Unachukua fimbo mbili za urefu mmoja, unafunga kamba kutoka fimbo hii hadi ile, na pima maji unaitundika katikati ya kamba. Ndani yake mna kichupa chenye kiputo cha hewa. Watu wawili wanashika fimbo, wa tatu anachungulia kiputo. Kikitulia katikati, fimbo zote mbili ziko usawa mmoja, piga kigingi, songa mbele. Kikikimbilia upande, yule wa mbele anapanda au anashuka kilima mpaka kitulie. Ndiyo elimu yenyewe hiyo, na miye niliielewa siku ya kwanza, ingawa sikupewa diploma.

Ochen alishika fimbo moja, mdogo wake Egau, Okiror, akashika ya pili, Egau akachungulia. Siku mbili shamba la Ochen likaisha, vizuri kabisa. Siku ya tatu wakafika mpakani kwa mama.

Mama alikuwa amekunja mgongo anapalilia. Aliinua kichwa, akamwona mkwe wake hatua ishirini kutoka hapo. Loo! Alitupa jembe, akakimbilia nyuma ya ghala lake. Na Egau alipomwona mama, alitupa kamba akakimbilia nyuma ya kichuguu. Okiror naye, kwa sababu ndugu wa mkwe ni mkwe, akamfuata kaka yake. Ochen peke yake akabaki katikati ya kilima na fimbo mbili mikononi, anaangalia huku na huku, anauliza, "Sasa mimi nifanye nini, jamani?"

Kesho yake ikawa vilevile. Na keshokutwa. Watu wazima, wenye akili zao, mmoja amesoma hadi chuo kikuu, wanakimbiana kwenye njugu kama kuku! Nikaenda kwa mama nikamwambia, basi atuache Ochen na mimi tuingie tupime, Egau akae mbali. Mama akaniangalia kwa dharau.

"Anayesoma ni nani, mkwe wangu au Ochen? Ochen hawezi hata kupanda njugu zikanyooka. Hakanyagi shamba langu."

"Basi wewe kaa nyumbani siku moja tu, mama."

"Nikae nyumbani, magugu yakae shambani? Kwanza mkwe ataingiaje mahali ambapo nyayo zangu bado mbichi? Mnataka kunizeesha kwa aibu."

Nikapeleka majibu kwa Egau. Alikuna kidevu. Kisha akafanya kosa la maisha yake, kosa ambalo nina hakika hakuna mwanafunzi mwingine wa chuo kile aliyewahi kulifanya. Alimzunguka mama mkwe wake. Alichukua fimbo, kamba na watu wake, akashuka hadi barabarani, akapanda tena upande wa pili, kwa baba wadogo. Akasimama pale, akafumba jicho moja, akatazama kigingi chake cha mwisho ng'ambo ya shamba la mama, akasema, "Usawa wake ni hapa."

Nikamwambia, "Una hakika? Mbona hukutumia kamba?"

"Amulen, nimesoma hesabu."

Hesabu! Kilima kinadanganya macho, hilo hata mchunga ng'ombe analijua. Lakini nani atabishana na Makerere? Wakapima upande wa kulia kuanzia pale, wakachimba tuta pande zote mbili, wakapanda matete, wakaacha pengo shambani kwa mama. Egau alisema pengo atalijaza baadaye, akipata njia.

Mvua haikusubiri apate njia. Ilikuja Jumapili, tukiwa kanisani, ikapiga bati mpaka padri akaacha kuhubiri, tukabaki tunatazamana tu. Tuta la Ochen likashika maji vizuri. Tuta la baba wadogo likashika maji vizuri. Maji yakajaa, yakaanza kutafuta pa kutokea. Na matuta yote mawili yalikuwa yamefungua midomo yao mahali pamoja tu, kwenye njugu za mama.

Tulifika mvua inakatika. Katikati ya shamba palikuwa na korongo jipya, jekundu, mtu angeweza kusimama ndani likamfika kifuani. Njugu hazikuwepo. Na pale juu ndipo nilipoona kitu kingine: tuta la kulia halikuwa usawa na la kushoto hata kidogo. Lilikuwa juu zaidi kwa kimo cha mtu mzima. Mama alikuwa amesimama ukingoni, matope hadi magotini, nguo ya kanisani ameikunja kiunoni. Nililia, nasema kweli. Shamba lile ndilo lililonisomesha hadi darasa la nne.

Mama hakulia. Alinigeukia akasema polepole, "Nenda ukamwambie mkwe wangu kwamba maji aliyonitumia nimeyapata."

Nilipofikisha ujumbe huo, Egau alikaa chini palepale kwenye tope. Mwalimu alikuwa aje baada ya siku kumi na mbili. Akasema basi, amekwisha, tena afadhali aanguke tu, maana mtu aliyemlima mama mkwe wake kwa maji hana haki ya karatasi yoyote. Usiku ule alianza kupanga nguo zake kwenye sanduku ili aende Kampala mwenyewe akawaambie wasijisumbue kuja. Nilizitoa moja moja alivyokuwa anaziweka. Tuligombana juu ya shati moja mpaka likachanika.

Asubuhi alinituma kwa mama na mbuzi wa kuomba radhi. Mama alimwangalia mbuzi, akamwangalia vizuri, kwa sababu alikuwa mbuzi mnene, kisha akasema, "Mfunge pale. Lakini mbuzi hatazuia maji. Mwambie nataka ile kamba."

"Kamba gani, mama?"

"Ile yenye kichupa. Unafikiri siku zote hizo nyuma ya ghala nilikuwa nahesabu panya? Nimeona kila kitu. Walipotumia kichupa, mstari ulikwenda sawa. Alipotumia jicho, nimepoteza njugu. Sasa mimi nitashika fimbo moja na yeye atashika nyingine. Wewe utasimama kati, uangalie."

Nikamuuliza, "Mama, mtashikaje kamba moja na hamtazamani?"

"Kwani fimbo inashikwa kwa macho?"

Na ndivyo tulivyofanya. Haki ya Mungu, sijaona jambo kama lile tena. Egau alisimama mwisho wa tuta la Ochen na fimbo yake, ameupa mgongo upande wa mama. Mama akasimama na yake hatua kumi mbele, ameupa mgongo upande wa Egau. Kati yao kamba, na katikati ya kamba mimi, nimetoa macho kwenye kiputo. Ilibidi niwe ninapiga kelele: "Mama, panda! Panda kidogo! Umezidisha, shuka! Hapo hapo!" Mara ya kwanza aligeuza shingo nusu akaniuliza ninamwamuru nani. Baada ya kigingi cha tano alizoea, na mimi niliona utamu wake. Maishani mwangu ile ndiyo siku pekee niliyowapa amri mama yangu na mume wangu kwa pamoja, na wote wawili wakatii.

Ulipofika wakati wa kusonga mbele, kulikuwa na kazi. Egau alitembea kinyumenyume, akipapasa kwa kisigino kutafuta kigingi, huku mimi nikimwelekeza kushoto na kulia. Mara moja mama aliteleza kwenye tope, kamba ikavutika, na Egau akavutwa nyuma hatua tatu, akapiga kelele, karibu ageuke. Ochen, aliyekuwa amekaa kwenye kichuguu akituangalia tangu asubuhi, alianguka kwa kicheko akashika tumbo. Mama alinyanyuka, akajipangusa, akasema hewani tu, bila kumtazama mtu, "Anayecheka aje achimbe." Ochen akaja akachimba.

Tulipofika mwisho wa shamba la mama tuligundua, kama nilivyoona, kwamba upande wa kulia wote ulikuwa umekosewa. Egau alianza upya na Okiror na baba wadogo, wakang'oa vigingi, wakahamisha matete, wakachimba hadi viganja vikatoka malengelenge. Siku moja kabla ya mwalimu kufika, tuta lilikuwa moja, kutoka kwa Ochen hadi mwisho, na mvua iliyonyesha jioni ile ilisimama juu yake kimya kabisa. Mama alikwenda akaingiza mkono kwenye maji yale, akaunusa.

Kisha akaniita. "Kuna sheria huko kwao kwamba kazi iwe ya mwanafunzi mwenyewe, si ndiyo? Mwambie asitaje habari zangu. Aseme ni yake yote. Mimi sina haja na cheti."

Nilimfikishia Egau, naye akaendelea kusafisha jembe lake.

Mwalimu alikuwa Mzungu mnene, mwenye kaptura, tuliyempa jina la Bwana Udongo kwa sababu kila alipofika mahali aliinama, akaokota udongo na kuusugua kwenye vidole kabla hata ya kusalimu watu. Alikuja na chombo chake, darubini ya miguu mitatu, akaisimamisha kwa Ochen, akaanza kupima kigingi baada ya kigingi na kuandika kwenye daftari. Nusu ya kijiji walikuja kutazama. Mama alikuwa mahali pake, nyuma ya ghala.

Kwa Ochen Bwana Udongo alitikisa kichwa, akasema si mbaya. Alipofika shambani kwa mama alipima, akapima tena, akafuta miwani. Akamwita Egau.

"Hapa kati ni sawa kabisa. Bora kuliko kushoto, bora kuliko kulia. Kwa nini? Nani napima hapa?"

Nilikuwa nimesimama karibu. Moyoni nilikuwa namwambia, sema wewe, Egau, sema ni wewe, neno moja tu. Hakuna mtu pale kijijini ambaye angefungua mdomo kumpinga. Hata Ochen alikuwa ameuma midomo yake, na kwa Ochen hiyo ni kazi ngumu.

Egau akasema, "Vigingi vya hapa kati ni vya mama aliyemzaa mke wangu. Aliyeshika fimbo ya mbele ni yeye. Mimi nilikuwa nimekosea, bwana. Kosa langu lilibomoa shamba hili, na yeye ndiye aliyeona kosa liko wapi."

Bwana Udongo alifunga daftari.  Alitembea hadi kwenye korongo, akalitazama, akarudi.

"Sheria ya chuo nasema kazi ya mwanafunzi mwenyewe," akasema. "Kama yeye nafanya tu kukusaidia, wewe hapana kufaulu. Lakini kama wewe nafundisha yeye, na yeye najua kabisa, hiyo ndiyo kazi tunayotaka. Sasa niambie, mimi najuaje ni ipi?" Akafikiri. "Leta yeye. Yeye nachungulia pima maji. Wewe nashika fimbo. Vigingi kumi, mstari mpya, pale chini. Na mtu mwingine hapana kusema kitu. Hata wewe, mama," akaninyooshea mimi kidole, "hapana kusema."

Hata mimi! Mimi niliyekuwa njia pekee kati yao! Nilifungua mdomo kumweleza, akaniwekea kidole tena. Watu wote wakageuka kuangalia ghala. Mama angeweza kubaki kule, na hakuna ambaye angemlaumu. Kutoka mbele ya mkwe, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, ni jambo ambalo wanawake wa rika lake wasingelifanya hata kwa ng'ombe kumi.

Alitoka. Alikuja kinyumenyume, ungo ameuinua kichwani kufunika upande mmoja wa uso, hatua kwa hatua, na watu wakampisha. Egau papo hapo akageuka, akautazama mlima wa Tororo kule mbali kana kwamba ameajiriwa kuulinda. Mama akafika kwenye kamba, akaweka ungo chini, akainama kwenye kichupa. Ochen ameshika fimbo ya nyuma, Egau ya mbele.

Kiputo kilikuwa kimekimbilia pembeni, mimi mwenyewe nilikiona kutoka niliposimama. Ilibidi Egau ashuke. Lakini nani amwambie? Mama hawezi kumsemesha mkwe wake. Akanitazama, nikashika mdomo wangu kwa mikono miwili. Nilikuwa na hasira na huyu Mzungu na sheria zake.

Mama akanyoosha mgongo. Akakohoa. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Fimbo! Shuka."

Egau hakuelewa kwa muda mdogo. Halafu akaelewa, na fimbo ikashuka.

"Fimbo, bado. Shuka tena. Fimbo, umepitiliza, rudi juu kidogo. Hapo hapo, fimbo. Tulia."

Watu walipasuka kwa kicheko, baba wadogo wakapiga makofi, Ochen akalia machozi huku ameshikilia fimbo yake. Mama hakucheka hata kidogo. Aliendelea hivyo hadi kigingi cha kumi, anaigombeza fimbo, anaisifu fimbo, na pale Egau alipojikwaa aliiuliza fimbo kama haina macho. Kwenye kigingi cha saba alisimama akatazama miguu ya Ochen, akamwambia asogee, amekanyaga tuta la fuko, fimbo yake imeinuka. Bwana Udongo alikwenda akaangalia. Ni kweli lilikuwa tuta la fuko.

Alivipima vigingi vyote kumi kwa darubini yake. Aliandika muda mrefu. Tulisubiri aseme kitu, lakini alipeana mikono na watu, akaokota udongo mwingine wa kuweka mfukoni, akasema barua itakuja. Akaondoka.

Barua ilichukua wiki tano. Egau alikonda, hali chakula, anakwenda Tororo kuiulizia posta kila siku mpaka karani akamkataza kuingia. Siku ilipofika hakuifungua. Alikuja nayo hadi nyumbani, akanichukua, tukaenda kwa mama. Akasimama nje, nyuma ya nyumba, karibu na ukuta. Mama alikuwa ndani, amekaa chini upande wa pili wa ukuta uleule. Mimi nikakaa pembeni, mahali ambapo ningewasikia wote wawili, tayari kwa kazi yangu ya siku zote.

Akaichana bahasha. Barua ilikuwa ya Kiingereza, akawa anasoma moyoni na kuigeuza kwa lugha yetu. Kwanza akasema, "Nimefaulu." Nikafungua mdomo nimfikishie mama.

"Nimesikia," mama akasema kutoka ndani.

Egau akaendelea. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwanafunzi alifanya kosa kubwa, na kwamba alilikiri. Hilo nalo alilisoma, hakuliruka. Kisha akafika mahali, akaisogeza karatasi karibu na macho, akasoma: "Sehemu ya katikati ilipimwa na mwenye shamba, bibi asiyepata kusoma shule yoyote, na katika wilaya zote nilizokagua mwaka huu sijaona mstari ulio sawa kuliko wake."

Nilidhani mama amesinzia. Nikainuka kwenda kumwangalia, ndipo niliposikia sauti yake karibu kabisa na ukuta.

"Rudia hapo, mwanangu."

Hakuwa anaongea na mimi. Egau aliegemea ukuta kwa bega, akainua karatasi, akaanza tena kuanzia mwanzo wa sentensi.